Noah ya Kukodi

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme Kariakoo ununue balbu. Muuzaji hakupi hivi hivi. Anaitoa kwenye boksi, anaichomeka kwenye soketi iliyofungwa pale kaunta, inawaka mbele ya macho yako, ndipo anairudisha kwenye boksi na kupokea hela. Blenda itazungushwa, redio itaimba, mchele utamiminwa kiganjani na kunuswa. Mimi nauza vitenge Mtaa wa Congo, na sijapata kuona mteja akichukua doti bila kuisugua kwa vidole na kuigeuza upande wa pili, aone kama rangi imepenya au imepakwa juu juu.

Mtu huyohuyo anayegoma kuchukua balbu ya shilingi 2,000 kabla haijawaka, jioni anajilaza na simu, anatazama picha za gari lililoko Yokohama, na wiki inayofuata yuko benki anatuma mamilioni. Nimewaona wengi, na si wajinga. Ni wafanyabiashara ambao ukiwapunja nusu mita kwenye jora wanajua kwa kulishika tu. Likija suala la gari, ule ukaguzi wote wa Kariakoo wanauacha mlangoni.

Kwetu wazo la gari lilitoka Muscat. Binamu yangu anaishi huko, na baridi inapoingia, kuanzia Novemba hivi, watu hutoka mjini na familia zao wakalale mchangani, jangwani au pwani. Alinitumia video ya gari refu lenye kitanda ndani, jiko la plati mbili na sinki ndogo ya kuoshea vyombo. Wanangu waliitazama mpaka bando langu likaisha. Ulaya na Marekani magari ya namna hiyo ni biashara kubwa, na watu wenye busara huko hukodi moja kwanza wakasafiri nalo kabla ya kujifunga kwenye mkopo. Hapa Tanzania ukiulizia gari la kulala utaonyeshwa Land Cruiser yenye hema juu ya paa. Kampuni za Arusha na Dar huzikodisha, na wateja wake ni wageni wanaokwenda mbugani. Familia ya muuza vitenge inaangukia kwenye Noah.

Na Noah si haba. Ile ya zamani, yenye injini ya 3S, viti vyake vya kati na vya nyuma vinalazwa vikaungana, ukitandika godoro jembamba juu yake unapata kitanda cha watu wawili na mtoto. Inabeba watu wanane. Spea zake ukizikosa Gerezani basi hujatafuta. Iliyofuata, Voxy, ina sura nzuri zaidi, ila nyingi zilikuja na injini ya D4, na ukimtajia fundi D4 anajikuna kichwa kwanza ndipo akujibu, kwa sababu injini hiyo haivumilii mafuta machafu. Baba Nasra, mume wangu, alikuwa na macho ya Voxy. Mimi nilitaka gari lolote ambalo mama mkwe angeweza kulipanda bila kushikwa kiuno.

Mama mkwe ni Msambaa wa Mlalo, Lushoto. Anakaa nasi ghorofani Kariakoo kwa sababu ya matibabu, lakini Idd lazima ailie kwao. Ukiongeza watoto, shemeji na mizigo ya kupeleka kijijini, tunajaza gari peke yetu. Tikiti za basi wakati wa Idd unazijua. Kwa hiyo hoja ya kuwa na gari la familia ilikuwa na miguu ya kusimamia, na kwenye yadi moja tulishaonyeshwa Noah ya rangi ya fedha, namba D, kwa milioni 17. Baba Nasra alikuwa ameshaizunguka mara kadhaa, akaingia, akatoka, akapiga teke tairi kama wanaume wanavyofanya.

"Tuikodi kwanza yenye mfano wake," nikamwambia.

"Mama Nasra, kukodi ni kutupa hela. Hela ya kukodi hairudi."

"Na ya kununua inarudi?"

Mama mkwe akamaliza ubishi. Yeye alitaka kufika Mlalo. Gari la nani, hilo halikumhusu.

Jijini hapa njia za kukodi gari ziko mbili, na wengi wetu tunapita ya pili bila kujua kuwa ya kwanza ipo. Ya kwanza ni kwa mwenye biashara ya kukodisha: gari lina namba nyeupe, mnasainiana mkataba, na bima yake imekatwa kwa kazi hiyo. Ya pili ni dalali wa kijiweni, ambaye anamjua mtu, ambaye ana gari lake binafsi la namba ya njano, limekaa tu nyumbani. Mnaelewana kwa simu, hela inakwenda kwa M-Pesa, dalali anachukua cha juu chake, na funguo ziko mkononi mwako kabla ya adhuhuri. Ni rahisi na ni bei poa. Lakini bima ya gari la matumizi binafsi haikukatwa ili gari likodishwe, na siku mkigongana ndiyo siku swali hilo linaulizwa. Kabla ya kutoa hata shilingi, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA kwa simu yako. Utaona bima iko hai au ilikufa tangu mwaka jana. Haikugharimu kitu.

Tuliangukia kwa mwenye namba nyeupe. Bei ilikuwa laki moja kwa siku, mafuta juu yetu, na aliniambia mapema kuwa Idd inapanda. Alitaka nakala ya kitambulisho cha NIDA, mdhamini mwenye duka, na dereva wake aende nasi. Hilo la dereva tulilikubali kwa safari ya kwanza, ya likizo ya Desemba 2023, tulipokwenda Pangani.

Kijana yule alikuwa dereva hodari, na uhodari wake ndio uliotuficha gari. Alijua mlango wa pembeni unabanwa kwa kunyanyuliwa kidogo, basi kila tukishuka aliufunga yeye. Alijua kiyoyozi kikifanya kazi kwenye mlima injini inapanda joto, basi alikizima kabla hatujaanza kupanda, nasi tukadhani anabana matumizi. Ukikodi gari na dereva wake, umekodi ustadi wa mtu mwingine. Siku ya kununua hataingia kwenye bei. Kwa anayekodi ili asafiri tu, dereva ni neema. Kwa anayekodi ili aamue, dereva abaki nyumbani, hata kama mwenye gari ataongeza dhamana.

Pangani ndiko tulikokwenda kuijaribu ndoto ya Muscat. Tulivuka mto kwa kivuko kwenda Bweni, bampa la mbele likikwaruza kidogo kwenye ngazi ya kivuko, tukaenda mpaka Ushongo, tukapata mahali pa kuegesha chini ya minazi kwa ruhusa na malipo. Jioni ile ilikuwa nzuri kuliko zote. Watoto walikuwa majini mpaka giza. Shemeji alinunua kibua kwa wavuvi tukakichoma. Nikalaza viti, nikatandika godoro, nikaweka foronya nilizozishona mwenyewe kwa vitenge. Dereva akatutakia usiku mwema, akaenda kulala kwenye chumba cha wageni. Nilipaswa kujiuliza kwa nini hakuchagua kulala kwenye gari.

Pwani yetu mwezi Desemba ina joto ambalo halilali. Ukifunga vioo, ndani ya nusu saa mnavuja jasho kama mko kwenye tanuri la mikate. Ukifungua, mbu. Nilikuwa nimebeba chandarua cha duara, kile cha kuning'iniza darini, na Noah haina pa kuning'iniza kitu hicho. Tulifungua mlango wa nyuma, tukakibana chandarua kwa vibanio vya nguo kuzunguka kingo zake, upepo wa bahari ukaja ukakivimbisha, vibanio vikaanza kuruka kimoja kimoja gizani. Mwanangu mdogo alikuwa anavihesabu kwa sauti. Saa nane usiku Baba Nasra alitoka akalala kwenye mkeka mchangani, akajifunika shuka gubigubi. Magari ya video ya Muscat yana mashine ya hewa na betri yake ya pili ya kuiendesha injini ikiwa imezimwa, na yana nyavu kwenye madirisha. Watu huyatumia msimu wa baridi. Hayo yote kwenye video hayaonekani, lakini usiku mmoja chini ya minazi unakufundisha. Asubuhi watoto walisema wanataka kurudi tena, kwa sharti la kulala chumbani.

Safari ya pili ndiyo iliyoamua mambo. Ilikuwa Idd el Fitri ya Aprili 2024, masika yakiwa yamekuja juu ya mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Kuna watu walituambia tusubiri kiangazi ndipo tulijaribu gari vizuri. Nami nikawa nawaza: Idd haitusubiri kiangazi. Kwa miaka kadhaa ijayo Idd el Fitri itaangukia Januari mpaka Machi na kuzidi kurudi nyuma, kwani mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 10 au 11. Safari za Krismasi nazo zina mvua zake za vuli. Gari la familia yetu kazi yake ni kwenye matope. Kulijaribu Julai, barabara ikiwa kavu, ni sawa na kutolijaribu.

Safari hii Baba Nasra aliendesha mwenyewe. Kabla ya kutoka tulilipiga gari picha pande zote, kila mchubuko, mbele ya mwenyewe, tukamtumia kwenye WhatsApp palepale. Tukakagua jeki, spana ya matairi, tairi la akiba, pembetatu za tahadhari na kizimamoto, maana trafiki akikukosa kwenye mwendo atakutafuta kwenye hivyo. Gari lilipowashwa, yule mwanamke wa Kijapani anayeishi ndani ya kila gari la Japani akatoa tangazo lake, watoto wakamwitikia. Redio yake iliishia masafa ya 90 kama redio zote za huko, tukaambulia stesheni chache mpaka Chalinze, baada ya hapo tukabaki na flashi ya kaswida ya mama mkwe.

Kabla ya Mombo Baba Nasra alishajua jambo ambalo hakuna mwenye yadi aliyemwambia. Noah ya 3S injini yake iko chini ya viti vya mbele. Ukitaka kuiona unainua kiti. Maana yake ni kwamba dereva anakaa juu ya jiko, na barabara ya Segera kwenda Mombo, kwenye joto la mkonge, miguu inaiva. Alivua viatu Korogwe. Tuliposimama, nililiweka gazeti sakafuni nikapapasa bati kwa kiganja, nikakiondoa haraka. Abiria wa nyuma hajui habari hiyo. Mnunuzi anayekaa kwenye kiti dakika mbili yadini, injini ikiwa baridi, hajui pia.

Vijiji vyote vya njia ile vina vibao vya 50, na kwenye vichaka kuna tochi. Tulipigwa moja, shilingi 30,000, na haki yao. Mahali pengine tukasimamishwa kwa sababu ya umbo la gari. Noah barabara kuu inashukiwa kubeba abiria kwa wizi, hata ikiwa na namba nyeupe, kwa sababu kuwa na kibali cha kukodishwa si kuwa na leseni ya kusafirisha abiria ya LATRA. Afande alichungulia ndani, akatuona tumejaa, akamwuliza mwanangu wa mwisho:

"Huyu ni nani?"

"Bibi."

"Anaitwa nani?"

"Bibi."

Afande akacheka, akatuambia Idd njema. Lakini nilijiuliza ingekuwaje tungekuwa na namba ya njano, na jina la kwenye kadi ya gari si letu hata mmoja.

Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni lami, kilomita zipatazo 32, kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Noah ilipanda. Ilipanda polepole, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, na mama mkwe akisema Alhamdulillahi kila kona, ila ilipanda. Pale Soni, tulipokuwa tunanunua peasi na plamu, simu ikaita. Ni mwenye gari. "Mama, naona mmefika Soni. Mwambie mzee asitumie breki sana akishuka, ashuke na gia." Gari lilikuwa na kifaa cha kulifuatilia. Baba Nasra hakufurahi kuchungwa, mimi nilifurahi kupata ushauri bure.

Zaidi ya Lushoto mjini kwenda Mlalo ndiko tulikokwama. Lami iliisha, udongo mwekundu ukaanza, na gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, likiwa na abiria wengi na mfuko wa sukari wa kupeleka kijijini, lilianza kuchezesha kiuno. Vijana wa kijiji walitusukuma mara ya kwanza kwa salamu, mara ya pili kwa hela. Mwishowe tukaiacha Noah kwa jamaa yetu mjini, mama mkwe akapanda Land Cruiser ya abiria, zile ndefu zinazopanda huko kila siku na watu wamening'inia nyuma. Alifika kabla yetu. Njia ile magari ya mboga hupita usiku na kabichi, karoti na viazi vya Kariakoo. Wenye Fuso za Lushoto walishatuambia habari za matope, lakini mtu huamini matope yakishafika kwenye ekseli.

Msomaji atasema basi nunueni yenye magurudumu manne, na zipo Noah za namna hiyo. Kweli. Lakini shida iliyotushinda haikuwa Mlalo. Ilitushinda Kariakoo.

Tulirudi usiku, na mwenye gari alisema tulirudishe kesho yake mchana. Kwa mara ya kwanza ilibidi tujibu swali ambalo yadini hakuna anayeliuliza: gari litalala wapi? Viwanja vya Kariakoo vilipimwa kwa nyumba za Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma. Juu ya viwanja hivyohivyo sasa kuna maghorofa. Chini maduka, juu stoo, juu zaidi ni sisi. Jengo la soko lenyewe, alilolichora Beda Amuli na likafunguliwa 1975, lilikuwa na ghorofa ya chini ya ardhi kwa ajili ya kushusha mzigo. Yule mchoraji alikuwa amewaza gari linaingilia wapi na linatokea wapi. Waliojenga baada yake walihesabu milango ya maduka. Kila futi ya chini ni kodi ya pango, nani atampa gari?

Tuliliegesha mtaani, mbele ya duka la mtu, kwa makubaliano na mlinzi wa usiku. Mlinzi ana bei yake. Lazima gari liwe limetoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu mwenye meza ya viatu anapanga biashara palepale lilipolala. Baba Nasra alishuka alfajiri baada ya swala, akakuta mikokoteni miwili imelibana mbele na guta lenye marobota ya mitumba nyuma. Kumpata mwenye guta kulichukua muda mrefu kuliko kutoka Chalinze mpaka Kibaha. Alipotoka hatimaye, bomba la mkokoteni lilikuwa limeandika mstari kwenye mlango, tulioulipia kwa fundi rangi kwa sababu haukuwa kwenye zile picha za WhatsApp. Akalihamishia mtaa wa pili. Huko mkusanya ada wa TARURA akalipiga picha namba yake, na ada ya maegesho ikaanza kuhesabu kwa saa. Deni la TARURA linaifuata namba ya gari popote liendapo. Ukilisahau, linaongezwa faini. Siku nne baadaye mwenye gari alinitumia namba ya malipo ya maegesho ya asubuhi ileile, nikalipa kwa simu huku nahudumia mteja.

Hiyo ni asubuhi moja. Nilikaa dukani siku ile nikiiwazia kila asubuhi ya mwaka mzima.

Hesabu nazo zilikuwa hazijifichi. Milioni 17 kwa bei ya laki moja ni siku 170 za kukodi. Familia yetu inasafiri Idd mbili, likizo, na msiba ukitokea. Siku hizo 170 zingetuchukua miaka mingi kuzimaliza, na hapo sijaweka bima, mlinzi, TARURA, betri inayokufa gari likikaa, wala fundi. Baba Nasra akasema tuagize wenyewe Japani, itashuka bei. Tukafungua kikokotoo cha TRA mtandaoni. Ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na gari lililopita miaka 10 linabeba ushuru wa ziada wa asilimia 30 kwa uchakavu. Noah tunayoweza kuimudu ni ya umri huo. Kodi ilikuwa inafukuzana na bei ya gari lenyewe. Kitu kimoja tu kilikuwa kimepungua: ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017, ikahamishiwa kwenye mafuta. Anayeendesha sana ndiye anayelipa sana, jambo ambalo kwa gari linalolala siku nyingi ni nafuu kweli.

Nitakuwa mnafiki nikisema hesabu ndiyo iliyomshawishi mume wangu. Kariakoo gari ni salamu. Siku tuliyorudi na Noah kuna majirani walitupongeza, na Baba Nasra akachelewa kidogo kuwaambia ni ya kukodi. Mwenye duka la jirani yangu ana gari ambalo hulipeleka kuoshwa Jumamosi na kulirudisha mahali pake, na kwa kweli linamletea heshima, na heshima katika biashara huleta mkopo wa mali. Siwezi kumwambia amekosea. Kilichombadilisha Baba Nasra ni ile alfajiri ya guta. Aliporudi ghorofani jasho linamtoka, kabla hajanywa chai, alisema, "Hili gari tungekuwa tunalilinda sisi, au lingekuwa linatubeba?" Sikumjibu. Nilimmiminia chai.

Kisha Juni ya mwaka huohuo treni ya SGR ikaanza kubeba abiria kwenda Morogoro, na baada ya wiki chache Dodoma. Nauli ya Morogoro, daraja la kawaida, ilikuwa shilingi 13,000. Tulikwenda na watoto kuwasalimu ndugu, na tulipofika tukakodi Noah hukohuko kwa siku moja, ya namba nyeupe. Hatukuwa na mlinzi wala TARURA ya kutudai. Kwa Lushoto reli hiyo haisaidii, huko bado ni lami na kona. Lakini ilitufundisha kwamba mtu anaweza kukodi gari mwisho wa safari badala ya mwanzo wake. Kwa mkazi wa katikati ya jiji hili, huo ndio mpango ninaoupendekeza kuliko mwingine wowote.

Wanaokaa Goba, Kivule au Chanika, wenye ua na geti, hesabu yao ni nyingine, nami nisingewazuia kununua. Ila hata wao ningewataka wakodi lenye injini ileile wanayoipenda, walikabidhiwe bila dereva, walipeleke njia yao wenyewe wakati wa mvua, na mzee wa nyumba awemo ndani. Wakirudi, wasilirudishe usiku huohuo. Walilaze kwao, wakaamke nalo.

Sisi Noah ya rangi ya fedha hatukuinunua. Iliuzwa, nasikia iko Tegeta. Hela ile tuliongezea mzigo wa vitenge, na fungu dogo limekaa pembeni kwa ajili ya kukodi. Mwenye gari wetu sasa ananipigia mwenyewe Shaabani inapoingia, anataka kujua tunaondoka lini. Nawe kama unategemea gari la kukodi kwa Idd, lishike mapema na ulipe kianzio. Likishaingia kumi la mwisho la Ramadhani, bei inapanda kila siku, na yanayobaki ni yale ambayo wenzako wameshayakataa.